Changamoto ya micro:bit na afya shuleni: inapofundisha na inapodanganya

Kihesabu hatua kinachoonyesha 140 wakati mvaaji amepiga hatua 100 kinaweza kabisa kushinda tuzo. Kinachohitajika ni mkanda mzuri, taa zinazowaka kwa mpangilio na mwanafunzi mwenye ulimi mwepesi. Waamuzi watapiga makofi, picha zitapigwa, na hakuna atakayeuliza zile hatua 40 za ziada zilitoka wapi. Swali hilo ndilo tulilotumia kupimia changamoto hizi. Inayowalazimisha wanafunzi kulijibu inastahili muda wa shule. Nyingine ni maonyesho ya ufundi yaliyovikwa koti la daktari.

Muundo wenyewe unafahamika. Wanafunzi hugawanywa katika vikundi, hupewa micro:bit (bodi ndogo ya kompyuta inayoandikiwa programu), huchagua tatizo moja la afya, huunda kifaa cha kulishughulikia, kisha hukiwasilisha mbele ya waamuzi. Micro:bit Educational Foundation imewahi kuendesha changamoto yake ya aina hii, do your :bit, iliyofungamana na Malengo ya Maendeleo Endelevu ya Umoja wa Mataifa. Lengo la 3 kati ya yale 17 ndilo la afya njema. Shule na taasisi nyingine huandaa zao kwa mtindo unaofanana, na kwa kuwa bodi ni ileile, matatizo nayo hujirudia.

Kwa jumla tunaupa muundo huu alama 7 kati ya 10. Upande wa sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati, yaani STEM, unapata 8 bila ubishi. Upande wa afya unapata 6, na hiyo 6 ni pale waandaaji wanapojali upimaji. Wasipojali, ishushe hadi 3.

Vifaa, na kinachoharibika kwanza

Micro:bit ni bodi ndogo ya takriban sentimita 5 kwa 4. Toleo la kwanza, V1, liligawiwa kwa takriban wanafunzi milioni moja nchini Uingereza kuanzia mwaka 2016. Toleo la pili, V2, lilitoka mwaka 2020. Yote mawili yana taa 25 za LED, vitufe viwili, kihisi cha mwendo, dira na redio ya kuwasiliana na bodi nyingine. V2 imeongezewa spika, maikrofoni, nembo inayohisi mguso, na kumbukumbu ya muda (RAM) iliyopanda kutoka kilobaiti 16 hadi 128.

Watu huisifu V2 kwa spika. Kwa mradi wa afya, thamani yake kubwa ni uwezo wa kuhifadhi data. Programu ikiandikwa kwa kutumia vizuizi (vipande vya msimbo vinavyounganishwa kwenye skrini) vya kurekodi data, vipimo hubaki ndani ya bodi hata betri ikitolewa, na ukiichomeka kwenye kompyuta unavikuta katika faili inayoitwa MY_DATA.HTM, tayari kwa jedwali na grafu. Kwenye toleo la kwanza, hesabu ya hatua hukaa katika kigezo tu, yaani ndani ya kumbukumbu ya muda. Waya wa betri ukilegea sekunde moja, hatua zote za asubuhi zimekwenda na maji. Tahadhari mbili kwa wenye V2: ukihamishia programu mpya, data ya zamani inafutika, kwa hiyo pakua kwanza. Na baada ya kurekodi vipimo vipya, chomoa kebo uichomeke tena, la sivyo utakuwa unatazama faili ya zamani na kudhani kifaa hakirekodi.

Shule yenye mchanganyiko wa matoleo iandike V1 au V2 nyuma ya kila bodi kwa kalamu isiyofutika. Programu inayotumia maikrofoni au kurekodi data ikiwekwa kwenye V1, bodi huonyesha uso wenye huzuni na namba 927, na kikundi hupoteza kipindi kizima kikitafuta kosa kwenye msimbo ambao hauna kosa.

Kwa kikundi kimoja: micro:bit 2 (moja ya kuvaliwa, nyingine ya kupokea kwa redio), vishikio 2 vya betri, betri 4 za AAA, kebo 1 ya USB, nyaya 6 zenye vibanio vya mamba, mkanda wa elastiki, mifuko midogo ya plastiki inayofungika na daftari. Darasa la wanafunzi 30 katika vikundi vya watatu watatu linahitaji bodi 20 na mbili za akiba. Miongozo mingine inapendekeza vikundi vya watano au sita ili kubana matumizi. Hapo mmoja anaandika programu, mmoja anashika waya, na waliobaki ni watazamaji. Watatu wanatosha, wakipokezana kibodi kila baada ya dakika 15.

Kinachokwamisha wiki ya kwanza kuliko kitu kingine chochote ni kebo. Kebo nyingi za kuchajia simu hupitisha umeme peke yake, hazipitishi data: bodi inawaka, lakini diski ya MICROBIT haionekani kwenye kompyuta. Jaribu kila kebo kabla ya siku ya kwanza na utie alama zilizo nzima. Diski ikijitokeza kwa jina la MAINTENANCE, mtu amebonyeza kitufe cha reset wakati wa kuchomeka. Chomoa, uchomeke tena bila kukigusa. Chaja za mkononi, zile pawabenki, nyingi hujizima zenyewe kwa sababu micro:bit inakula umeme kidogo mno kiasi cha kuonekana haipo. Betri ya lithiamu ya volti 3.7 isiunganishwe moja kwa moja kwenye tundu la betri. Bodi imekusudiwa betri mbili za AAA, volti 3. Na plagi ya betri ichomolewe kwa kushika plastiki yake, si kwa kuvuta nyaya.

Programu huandikwa kwa vizuizi katika MakeCode, kihariri cha kwenye kivinjari, au kwa lugha ya Python kwa waliopiga hatua. MakeCode ina kielelezo cha bodi kwenye skrini kinachoendesha programu hata kama bodi halisi haipo, na ipo programu ya kusakinisha kwenye kompyuta kwa shule zisizo na intaneti ya uhakika. Msaada mkubwa huo. Ila kielelezo hakitokwi jasho, hakilegei mkanda, na ukikitikisa kwa kipanya kinakubali kila mara. Kikundi kinachoishia hapo kitaamini kifaa chake ni kamili.

Kihesabu hatua: mradi mwepesi wenye mashimo mengi

Karibu kila kikundi huanzia hapa, na karibu kila kikundi huanza na kizuizi cha "inapotikiswa, ongeza 1". Programu ya mistari mitatu, inafanya kazi mezani, furaha tele. Kisha mvaaji anatembea hatua 100 na kifaa kinasema 58.

Sababu ni kwamba kizuizi cha kutikisa kiliundwa kumtambua mtu anayetikisa bodi mkononi. Ndani yake, programu husubiri bodi igeuze mwelekeo kwa nguvu mara kadhaa ndani ya muda mfupi ndipo iseme "imetikiswa". Mtu anayetembea taratibu hafikii kiwango hicho katika kila hatua. Anayekanyaga kwa kishindo anafikia, hata anazidisha. Kwa hiyo kifaa hakihesabu hatua; kinahesabu vishindo.

Dawa ni kusoma nguvu ya mwendo moja kwa moja. Bodi iliyotulia husoma takriban 1,000, ambayo ni mvutano wa dunia peke yake. Mguu ukigonga chini, namba hupanda ghafla. Fuata utaratibu huu. Funga bodi mahali itakapovaliwa. Rekodi nguvu ya mwendo kila milisekunde 50 kwa sekunde 30 mtu akitembea kawaida. Fungua grafu, tazama vilele na mabonde, kisha chagua kizingiti, yaani namba ambayo ikivukwa inahesabiwa hatua, kilicho juu ya mtikisiko mdogo na chini ya vilele vingi. Kiunoni kizingiti mara nyingi huangukia kati ya 1,200 na 1,500. Kwenye kifundo cha mguu huwa juu zaidi kwa sababu kisigino kinapiga ardhi karibu na kihisi. Usinakili namba ya kikundi jirani. Mkanda wao si wako na mwendo wao si wako.

Kizingiti pekee hakitoshi. Kisigino kikigonga chini, mtikisiko huendelea kidogo na kuvuka kizingiti mara mbili tatu, na hatua moja inakuwa tatu. Ndiyo asili ya zile 140. Weka muda wa kupuuza: baada ya kuhesabu hatua, programu isihesabu nyingine kwa milisekunde 300. Mwendo wa kawaida ni takriban hatua 100 hadi 120 kwa dakika, yaani moja kila nusu sekunde, hivyo muda huo hauli hatua halali. Wanaokimbia wataupunguza kidogo.

Lipo pia kosa ambalo halina uhusiano wowote na msimbo. Bodi iliyofungwa kwenye kifundo cha mguu mmoja huona hasa mguu huo. Mtu amepiga hatua 100, bodi imeona 50, na kikundi kinashusha kizingiti hadi bodi ianze kuhesabu hata pumzi. Jibu ni kuzidisha kwa mbili. Mwalimu akiwaacha walione wenyewe kwa kuchora miguu ubaoni, somo hilo la hisabati halisahauliki.

Majaribio yawe haya: watu watatu wa vimo tofauti, kila mmoja hatua 100 zilizohesabiwa kwa mdomo na mwenzake, mara tatu. Chukua mfano wa mtu aliyepata 96, 103 na 98, na mwingine aliyepata 71, 74 na 70. Wastani wa kwanza ni 99, wa pili karibu 72. Ukijumlisha wote pamoja utapata namba isiyomhusu yeyote. Ukitazama kila mmoja peke yake unaona aina mbili za kosa: la kwanza linayumba huku na huku, la pili limeegemea upande mmoja kila mara, na kosa lililoegemea upande mmoja huwa na sababu inayotafutika. Pengine mtu wa pili anaburuza miguu, pengine mkanda umelegea. Hapo ndipo STEM inapokuwa STEM.

Halafu jaribio ambalo vikundi hulikwepa: mvaaji aketi dakika mbili akichezesha mguu, kisha apande gari dakika tano. Hesabu inayotakiwa ni 0. Kikundi kinachothubutu kuonyesha kwamba kilipata 37, na kueleza kwa nini, kimefanya kazi kubwa kuliko chenye mkanda wa kupendeza.

Taa zizimwe wakati wa kutembea, ziwake kitufe A kikibonyezwa tu. Betri itadumu zaidi sana, na mvaaji hatakuwa akiinama kila dakika kutazama hesabu.

Kipima muda wa kunawa mikono

Mradi huu tunaupenda kuliko kihesabu hatua, kwa sababu afya yenyewe imo ndani yake, haikubandikwa juu. Shirika la Afya Duniani linaelekeza kwamba kunawa kwa maji na sabuni, kuanzia kulowesha mikono hadi kuikausha, kuchukue sekunde 40 hadi 60. Watoto, na watu wazima pia tusijidanganye, huishia mbali chini ya hapo.

Kosa la kawaida: kikundi kinaandika kitanzi kinachoonyesha 40, kinasubiri sekunde 1, kinaonyesha 39, na kuendelea. Kwenye karatasi ni sekunde 40. Kwa saa ya ukutani inapita mbali zaidi, kwa sababu skrini ya taa 5 kwa 5 haina nafasi ya tarakimu mbili. Kila namba inabidi ipite ikisogea, na kusogea huko kunakula muda wake juu ya ile sekunde ya kusubiri. Kikundi kisichokuwa na saa pembeni hakitagundua. Suluhisho zuri ni kuacha tarakimu kabisa: washa taa moja kila sekunde 2. Taa 25 mara 2 ni sekunde 50, katikati kabisa ya kile kinachoelekezwa, na mtoto asiyejua kusoma namba anaelewa kwamba ananawa hadi mraba ujae. Ukitaka usahihi zaidi, programu isome muda uliopita tangu bodi iwashwe badala ya kujumlisha visubirio.

Swali la pili: kifaa kinaanzishwaje? Kama ni kwa kubonyeza kitufe kwa mkono mchafu, kila anayenawa anamwachia anayefuata zawadi. Zipo njia mbili zisizohitaji kuguswa. Taa za LED zenyewe zinaweza kupima mwanga kutoka 0 hadi 255, hivyo kivuli cha mkono kinatosha kuanzisha. Ila kizingiti kipangwe upya pale pale penye sinki, kwa kuwa mwanga wa saa mbili asubuhi si wa saa tisa alasiri. Au V2 isikilize makofi mawili kwa maikrofoni yake. Bodi ikae ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa na ining'inizwe juu ya bomba, si pembeni yake. Maji yakigusa sehemu za dhahabu za ukingoni huunganisha vituo visivyopaswa kuunganishwa, na bodi hufanya vituko kabla ya kufa.

Kupima kama kifaa kinasaidia ni kazi ngumu kuliko kukiunda, na ndiyo yenye thamani. Hesabu muda wa wanawaji 20 bila kifaa na 20 wakiwa nacho. Mtazamaji asisimame mlangoni na saa mkononi, kwani mtu anayejua anatazamwa hunawa kama daktari wa upasuaji. Rudia baada ya wiki mbili, mvuto wa taa mpya ukiwa umeisha. Waandaaji wengi hawaachi nafasi ya wiki hizo mbili, na hiyo ni kasoro ya ratiba yao, si ya wanafunzi.

Mapigo ya moyo, joto na hewa

Hapa tunashauri breki. Vihisi vya mapigo vinavyomulika mwanga kwenye ncha ya kidole vinavutia sana na vinadanganya kwa urahisi. Kidole kikisogea, namba inaruka; kikibanwa sana, damu inasukumwa nje na ishara inapotea; kikiwa baridi, ishara ni dhaifu. Vile vinavyodai kupima pia oksijeni katika damu vina tatizo zito zaidi: mwaka 2020 utafiti uliochapishwa katika New England Journal of Medicine ulionyesha kwamba hata vipimo vya hospitalini vya aina hiyo vilikosa kutambua upungufu wa oksijeni kwa wagonjwa Weusi karibu mara tatu ya vilivyokosa kwa wagonjwa Wazungu. Kikundi kinachotaka kwenda huko kisome jambo hilo kwanza, na kihisi kijaribiwe kwa wanafunzi wa rangi zote za ngozi waliopo. Mada hiyo peke yake inatosha kuwa mradi.

Njia nyepesi na ya uaminifu zaidi ni vidole viwili kwenye mshipa wa kifundo cha mkono na kitufe. Mwanafunzi anabonyeza A kila anapohisi pigo; programu inachukua wastani wa milisekunde kati ya mabonyezo na kugawa 60,000 kwa wastani huo. Linganisha na kuhesabu kwa mkono. Anayehesabu sekunde 15 na kuzidisha kwa 4 akikosea pigo moja, amekosea mapigo 4 kwa dakika. Wa sekunde 30 amekosea 2. Kisha pima mapumziko, baada ya dakika 3 za kuruka, na kila dakika hadi moyo utulie. Grafu inayoshuka polepole inamfundisha mtoto kuhusu moyo wake kuliko bango lolote.

Kipimajoto cha ndani ya bodi kiachwe kabisa kwa mambo ya homa. Kihisi hicho kimo ndani ya prosesa, kinasoma joto la prosesa yenyewe kwa nyuzi kamili bila desimali. Kwa ulinganisho wa chumba na chumba kinafaa kiasi. Kwa mwili wa binadamu hakifai, na mwamuzi akiona mradi wa "kutambua homa" uliojengwa juu yake, ampe mwanafunzi nafasi ya kueleza kihisi kiko wapi.

Kuhusu hewa ya darasani: wazo ni zuri, kwa kuwa kaboni dioksidi ni kiashiria kizuri cha uingizaji hewa. Nje ni takriban sehemu 420 kwa milioni. Darasa lililofungwa madirisha na kujaa watu huvuka 1,000 bila shida. Lakini vihisi vya bei rahisi vya gesi vyenye kijiti cha kupashwa moto huitikia gesi nyingi kwa pamoja, marashi yakiwemo, na huhitaji umeme mwingi kuliko bodi inavyoweza kutoa. Kinachofaa ni kihisi kinachotumia mwanga wa infraredi. Kama hakipo, badilisha mradi. Kelele nazo: maikrofoni ya V2 hutoa 0 hadi 255, na hizo si desibeli. Mwanafunzi anaweza kusema "jioni ni kelele zaidi kuliko asubuhi". Hawezi kusema "ni desibeli 85" kwa sababu tu namba ilisomeka 85.

Afya inapopinda

Hatua 10,000 kwa siku huandikwa kwenye kila bango la vikundi kana kwamba zimetoka maabara. Zimetoka Japani, kwenye kihesabu hatua kilichouzwa mwaka 1965 kwa jina la manpo-kei, yaani mita ya hatua elfu kumi. Jina la biashara. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, halitaji hatua kwa watoto. Linasema wenye umri wa miaka 5 hadi 17 wafanye wastani wa angalau dakika 60 kwa siku za mazoezi ya kadiri hadi makali, na angalau siku 3 kwa wiki kuwe na yale makali pamoja na ya kuimarisha misuli na mifupa. Kikundi kinachoandika programu ya kuhesabu dakika zenye mwendo badala ya hatua tayari kimeelewa afya vizuri zaidi, na msimbo wake si mgumu zaidi.

Ubao wa washindi wa hatua uondolewe. Ukiubandika ukutani, siku ya tatu mtu anafunga bodi kwenye mkia wa mbwa au kwenye feni, na si utani, kihisi hakijui tofauti. Ubaya zaidi ni kwa mtoto mwenye pumu, mwenye uzito mkubwa au anayetumia kiti cha magurudumu, ambaye jina lake litakaa chini wiki nzima. Linganisha mtu na wiki yake iliyopita. Kwa kiti cha magurudumu mradi upo na ni mzuri: sumaku ndogo kwenye gurudumu, bodi kwenye fremu, dira ikihesabu kila sumaku inapopita. Gurudumu la kipenyo cha sentimita 61 lina mzingo wa takriban mita 1.92, mizunguko 100 ni mita 192. Uga wa sumaku wa dunia ni mikrotesla 25 hadi 65, kwa hiyo kizingiti kiwe juu ya hapo kwa mbali.

Majina yasiingie kwenye data. Tumia M1, M2, M3. Uzito wa mwili usipimwe kabisa; hakuna mradi wa ngazi hii unaouhitaji. Mtu yeyote mwenye kebo anaweza kufungua MY_DATA.HTM, na bodi za shule hupita mikono mingi.

Redio nayo ina fitina zake. Kuna makundi 256, 0 hadi 255, na vikundi vinavyoacha namba ileile ya mfano wa kwenye mwongozo hupokea hatua za majirani. Kila kikundi kipewe namba yake siku ya kwanza, iandikwe juu ya bodi. Ujumbe wa redio hauna risiti: ukipotea, umepotea, basi tuma jumla nzima kila mara badala ya kutuma "ongeza 1".

Ratiba na alama

Wiki 8 zinatosha zikigawanywa vizuri: moja ya kuchagua tatizo na kuzungumza na watumiaji, mbili za kujifunza bodi, moja ya kuunda, mbili za majaribio, moja ya kurekebisha, moja ya kujaribu tena na kuwasilisha. Ratiba zinazotoa wiki tano za kuunda na siku mbili za majaribio huzaa vifaa vya kung'aa.

Karatasi ya alama ndiyo inayoamua yote, kwa kuwa wanafunzi hufuata alama zilipo. Tungegawa 100 hivi: majaribio na ushahidi 35, hoja ya afya yenye chanzo kinachoaminika 25, programu na uundaji 20, urahisi kwa mtumiaji 10, uwasilishaji 10. Mwamuzi awe na maswali matatu ya lazima. Mlijaribu mara ngapi? Kifaa hukosea lini? Mlibadilisha nini baada ya kukosea? Kikundi chenye daftari hujibu kwa kufungua ukurasa. Kisicho nalo hujibu kwa "kinafanya kazi vizuri sana".

Kabla ya kusajili shule, omba karatasi hiyo ya alama kwa waandaaji. Ikiwa uwasilishaji na ubunifu vimechukua zaidi ya nusu na majaribio hayana mstari wake, bado unaweza kushiriki, lakini endesha wiki mbili za majaribio kwa ratiba yako mwenyewe, na uwaambie wanafunzi mapema kwamba huenda zisilete kombe.

Shule yenye bodi nne tu ichague kipima muda wa kunawa: kifaa kimoja kinahudumia sinki moja, shule nzima inakuwa sehemu ya jaribio, na V1 inatosha. Fainali ikiisha, toa betri zote kwenye vishikio kabla ya kufungia sanduku kabatini, maana betri zilizosahauliwa huvuja na kula chemchemi za kishikio. Pakua data, futa kumbukumbu za bodi, na uache ndani ya sanduku karatasi yenye vizingiti vilivyofanya kazi na vilivyoshindwa. Kundi la mwaka unaofuata litavihitaji kabla hata ya kebo.